Wino na Wafu: Deni la Mchoraji katika Madaftari ya Anatomia ya Leonardo da Vinci

Katika majira ya baridi yaliyouunganisha mwaka wa 1507 na ule wa 1508, mzee mmoja alikuwa ameketi juu ya kitanda katika hospitali ya Santa Maria Nuova mjini Florence. Alimwambia Leonardo da Vinci kwamba umri wake ulikuwa umepita miaka 100, na kwamba hakusikia maumivu yoyote mwilini ila unyonge tu. Saa chache baadaye, akiwa pale pale kitandani, alikata roho bila ya kutapatapa wala dalili yoyote ya mateso. Leonardo akampasua ili apate kuijua sababu ya kifo kitamu namna ile. Habari hii haikusimuliwa na mtu mwingine. Aliiandika Leonardo mwenyewe, kwa mkono wake wa kushoto na kwa yale maandishi yake yaliyogeuzwa kama yanayosomwa katika kioo, ndani ya madaftari ambamo pia alichora kwa kalamu na wino mishipa, ini na matumbo ya binadamu. Jina la mzee hakuliandika.

Swali linalozushwa na habari hiyo ni la maadili kabla ya kuwa la tiba. Mtu anayejifunza umbile la mwili wa binadamu kwa kuuchora ana deni gani kwa yule aliyechorwa? Aghalabu swali hili huachiwa madaktari na wanasheria, na wahakiki wa fasihi hulipita kando kwa kudhani kuwa si lao. Lakini ukurasa wa Leonardo una mchoro na una maandishi, na baina ya viwili hivyo pana mashindano ambayo Leonardo mwenyewe aliyaanzisha. Katika mojawapo ya karatasi alizochorea moyo, kati ya mwaka wa 1511 na 1513 hivi, alimgeukia mwandishi na kumtaka aonyeshe ni maneno gani aliyo nayo yanayoweza kulieleza umbile lile kwa ukamilifu wa mchoro. Kwa maoni yake, kadiri mwandishi anavyozidi kueleza kwa undani ndivyo anavyozidi kumvuruga msomaji na kumtenga na kitu kinachoelezwa. Wale ambao kazi yao ni maneno hawana budi kuijibu changamoto hiyo, na jibu lake, kama itakavyoonekana, limo katika madaftari hayo hayo.

Kwanza sharti ukubaliwe ukweli uliomo katika dai lake. Kuchora kwa kalamu ya unyoya na wino si sawa na kutazama. Mwenye jicho zuri anaweza kuutazama mkono uliochunwa ngozi kwa saa nzima na aondoke akiamini kuwa ameuona; atakapoambiwa auchore ndipo atakapotambua kwamba hajui kano fulani inaanzia wapi, inapita juu au chini ya nyenzake, na inajishikiza kwenye mfupa upi. Jicho husamehe, kalamu haisamehi. Leonardo alikuwa na desturi ya kutangulia kwa chaki nyeusi, ambayo alama zake hafifu huweza kufutika, kisha kuzifuata alama hizo kwa wino. Wino wa zama zile, uliotengenezwa kwa chumvi ya chuma na vivimbe vya mti wa mwaloni, ulizama katika karatasi na kushika. Hatua ya kutoka chaki hadi wino ilikuwa, kwa hiyo, hatua ya kutoa ushahidi: mstari ukishapigwa, aliyeupiga amekwisha kusema kwamba hivi ndivyo kitu kilivyo.

Katika michoro ya majira ya baridi ya 1510 na 1511, ambayo ni zaidi ya 240 katika karatasi 18, ushahidi huo ulifikia kiwango cha kustaajabisha. Bega moja linazungushwa hatua kwa hatua, likaonekana kwa mbele, kwa ubavu na kwa nyuma. Misuli inapunguzwa ikawa nyuzi, ili kila msuli uonyeshe mwelekeo wa mvuto wake bila ya kuuficha ulio chini yake. Uti wa mgongo unachorwa pamoja na mipindo yake, na pingili za shingo zinatenganishwa kidogo, kama vipande vya mtambo uliofunguliwa, ili ionekane jinsi zinavyopokeana. Mistari ya kivuli nayo haikunyooka kama mistari ya karani. Hujipinda pamoja na uvimbe wa msuli, hata mkono wa mchoraji ukawa kama unaoupapasa mwili.

Gharama ya elimu hiyo Leonardo aliijua. Katika maelezo yake anamwonya anayetaka kumfuata kwamba, hata akiwa na upendo wa jambo hili, huenda akazuiwa na kinyaa. Akikishinda kinyaa, huenda akazuiwa na hofu ya kukesha usiku pamoja na maiti waliokatwakatwa na kuchunwa. Akiishinda hofu, huenda akakosa ufundi wa kuchora, au ujuzi wa jiometria, au subira. Hii ni orodha ya fadhila, tena fadhila za kweli ambazo wengi hawanazo. Ila zote zinamhusu anayechora. Hakuna hata moja inayomhusu anayechorwa, na upendo uliotangulizwa mwanzoni ni upendo wa elimu yenyewe.

Tena uaminifu wa kalamu una mipaka yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1490, kabla hajapata maiti wa kutosha wa kuwapasua, Leonardo alichora mwanamume na mwanamke wanaojamiiana, miili yao ikiwa imepasuliwa katikati kama tunda. Ndani ya mchoro huo upo mfereji unaotoka katika uti wa mgongo kwenda kwenye uume, na mwingine unaotoka katika tumbo la uzazi kwenda kwenye titi. Mifereji hiyo haimo katika mwili wa mtu yeyote. Ilikuwamo katika mafundisho ya wakale, na kalamu ikaichora kwa mstari ule ule safi uliochora mfupa. Miaka ishirini hivi baadaye, katika mchoro mashuhuri wa kijusi kilichojikunja tumboni, kijusi ni cha binadamu ilhali kondo la nyuma limechukua umbile la kondo la ng'ombe, mnyama ambaye Leonardo alikuwa amempasua. Asiyejua hawezi kuona mahali binadamu anapoishia na ng'ombe anapoanzia. Wahenga walinena kwamba kusikia si kuona; hatari ya mchoro ni kwamba unaweza kukifanya kilichosikiwa kionekane. Mwandishi akikosea, msomaji huweza kumuuliza ameyatoa wapi. Mchoraji akikosea, mtazamaji hudhani ameona kwa macho yake mwenyewe.

Lililo zito kuliko makosa hayo ni jambo ambalo Leonardo hakulihesabu kuwa kosa. Alieleza kwamba mwili mmoja haukutosha kumpa elimu aliyoitaka. Mwili haukai, huoza, na damu huichafua mishipa midogo isitambulikane na nyama inayoizunguka. Ili aijue mishipa peke yake ilimbidi apasue miili zaidi ya kumi, mmoja baada ya mwingine, hadi picha ikamilike. Na mwaka wa 1517, akiwa mzee huko Ufaransa, aliwaambia wageni waliomzuru kwamba alikuwa amepasua zaidi ya 30, ya wanaume na wanawake wa kila umri. Mchoro mmoja, basi, ni mkusanyiko wa wafu wengi. Mkono unaoonekana karatasini si mkono wa mtu. Mchoraji wa sura hudaiwa kufanana: akichora uso usiomfanana mwenyewe, ameshindwa. Mchoraji wa anatomia hudaiwa kinyume chake, maana kovu la mtu fulani, au kidole kilichovunjika utotoni kikaunga vibaya, ni ila ambayo haina budi kuondolewa ili mwanafunzi asije akadhani kuwa kila binadamu anayo. Wasomi wa fasihi watalitambua tatizo hili kwa sura nyingine. Ni tatizo la mhusika anayebebeshwa tabaka zima hadi akakosa nafasi ya kuwa mtu, yule mkulima wa riwaya ambaye ni wakulima wote na kwa hiyo hana hata mzaha mmoja ulio wake. Tofauti ni kwamba mkulima wa riwaya hakuwahi kuwa hai.

Ni hapa ambapo sentensi chache kuhusu mzee wa Santa Maria Nuova zinapata uzito wake. Katika kumpasua, Leonardo aliona kuwa mshipa unaoulisha moyo na viungo vilivyo chini yake ulikuwa umekauka na kusinyaa, na akaeleza jinsi kuta za mishipa zinavyonenepa kwa uzee hadi njia ya damu ikabanwa. Maelezo hayo huhesabiwa leo miongoni mwa ya mwanzo kabisa kuhusu ugonjwa wa kukakamaa kwa mishipa. Wino uliichora mishipa ya uzee jinsi ilivyopindapinda. Lakini hakuna mstari, hata upigwe na mkono wa Leonardo, unaoweza kuonyesha kwamba mwenye mishipa hiyo alisema neno saa chache kabla. Mchoro hauna njeo. Kila kilichomo ndani yake kipo, hakuna kilichokuwapo. Kitenzi kimoja cha wakati uliopita, kile kinachosema kuwa mzee alimwambia Leonardo jambo, kinamrudisha kitandani akiwa na pumzi, na kauli, na majivuno kidogo ya umri wake. Changamoto aliyowatupia waandishi ilikuwa imekwisha kujibiwa na Leonardo mwenyewe miaka kadhaa kabla ya kuitoa, na yamkini bila ya kukusudia. Umbile la moyo maneno hayaliwezi. Habari kwamba moyo huo ulikuwa wa mtu, mchoro hauiwezi.

Isidhaniwe kuwa sentensi hizo zinamtakasa. Hazisemi popote kwamba mzee aliombwa ruhusa, na ukizisoma kwa makini utaona kwamba baina ya kifo na kisu pana kiunganishi tu: mzee alifariki, na Leonardo akampasua. Upole wa kauli ndio unaoifanya hatua hiyo isionekane. Haikosi kushangaza kwamba mtu aliyejua kusikiliza namna ile alijua pia kusubiri.

Kiswahili kina methali isemayo kwamba maiti haulizwi sanda. Hutumiwa kumhimiza mtu atende jambo jema bila ya kumsumbua anayetendewa kwa maswali. Lakini methali hiyo inazungumzia sanda, yaani kitu cha kumfunikia maiti, haizungumzii kisu. Ruhusa haikuhitajiwa kwa kuwa tendo lenyewe ni la kusitiri. Na neno hilo kusitiri linastahili kuchunguzwa, kwa kuwa kumsitiri marehemu ni kumzika, na vilevile ni kumfichia aibu yake. Mwosha maiti wa pwani hupewa idhini ya kuona kila kitu kwa sharti la kutosimulia lolote. Mchoraji wa anatomia naye huona kila kitu, ila kazi yake ni kusimulia. Bila ya kusimulia, alichokifanya ni ukataji mtupu. Hata sarufi inasitasita hapa: wako wasemao maiti huyu na wako wasemao maiti hii, na anayechagua upatanisho mmoja amekwisha kuchagua upande katika mjadala, ajue asijue.

Kutokana na mawazo hayo ya sitara huenda ikajengwa hoja ya kumtetea mchoraji. Itasemwa kwamba kuondoa jina na sura ndiko kumsitiri aliyechorwa: msuli usio na mwenyewe haumwaibishi mtu, na mzee wa Florence amefichwa na wino wenyewe. Hoja hii ina nguvu na haifai kudharauliwa. Wako ambao wangependa wapasuliwe na wafundishie bila ya kujulikana. Hata hivyo kila sitara ina mtu inayemfunika, na kabla ya kuisifu ni lazima kuulizwe ni nani huyo.

Historia ya baadaye inalijibu swali hilo kwa ukali. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka wa 1752 iliwatia mikononi mwa wapasuaji wauaji walionyongwa. Ile ya 1832 ilifuata kashfa ya Edinburgh, ambako watu 16 waliuawa mwaka wa 1828 na miili yao kuuzwa kwa mwalimu wa anatomia. Nayo iliwatoa maskini waliofia katika nyumba za mafukara na hospitali bila ya kudaiwa na jamaa. Kilichomfikisha mtu mezani hakikuwa tena uuaji, kilikuwa ufukara. Kitabu cha Henry Gray, kilichotoka mwaka wa 1858 kikiwa na michoro ya Henry Vandyke Carter, kilitegemea miili ya namna hiyo. Sifa mojawapo ya michoro ya Carter ni kwamba jina la kiungo limeandikwa juu ya kiungo chenyewe, hata mwanafunzi hana haja ya kuhangaika na herufi na vidokezo vya pembeni. Maneno yameingia ndani ya mchoro, naam, lakini ni majina ya viungo tu. Majina ya watu nayo yamejaa tele katika anatomia: mrija wa Falopio unamkumbuka Gabriele Falloppio, msomi wa karne ya 16 aliyeueleza. Aliyeuona mrija alipata jina. Wanawake ambao ulionekana ndani yao hawakupata. Nchini Kenya nako, tangu mafunzo ya udaktari yalipoanza Nairobi mwaka wa 1967, tegemeo kubwa la meza za anatomia limekuwa maiti wasio na wenyewe. Mwanafunzi anaweza kumaliza mwaka akiwa amezichora neva zote za uso katika daftari lake bila ya kujua uso ulikuwa wa nani.

Mfano ulio mchungu zaidi ni wa Vienna. Mwaka wa 1937 Eduard Pernkopf alianza kutoa atlasi ya anatomia ambayo ilisifiwa kwa miongo mingi kwa usahihi na uzuri wa picha zake. Picha hizo ni za rangi za maji, si za wino mtupu, lakini deni linalozungumziwa ni lile lile. Pernkopf alikuwa mfuasi wa Nazi. Mmoja wa wachoraji wake, Erich Lepier, alitia alama ya swastika katika saini yake, na alama hiyo ikafutwa katika matoleo ya baadaye. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Vienna, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka wa 1998, ulionyesha kwamba taasisi ya anatomia ilipokea miili isiyopungua 1,377 ya watu waliouawa kwa hukumu za utawala ule. Katika kitabu hicho kutotajwa kwa majina hakukuwasitiri wafu hata kidogo. Kuliwasitiri waliowaua.

Linalotatiza ni kwamba picha hizo zingali sahihi. Neva iliyochorwa Vienna inapita pale pale inapopita neva ya mgonjwa aliyelala mbele ya daktari leo, na wako wapasuaji waliokiri kwamba katika operesheni ngumu waliifungua atlasi hiyo wakaokoa kiungo ambacho kingepotea. Je, waifunge? Mwaka wa 2018 ilitangazwa Itifaki ya Vienna, iliyoandaliwa na rabi Joseph Polak kwa misingi ya sheria ya Kiyahudi kufuatia swali la namna hiyo. Itifaki hiyo haikuagiza picha zichomwe, wala haikuziachilia hivi hivi. Iliruhusu zitumiwe kwa ajili ya kuokoa, kwa sharti kwamba ijulishwe wazi zimetoka wapi na zimetokana na nani. Yaani iliagiza maneno. Picha isiyoweza kusema kwamba fulani alikuwapo iwekewe kando sentensi inayosema hivyo. Inawezekana kuona udhaifu wa dawa hii, kwani sentensi inayorudiwa kila mara hugeuka kuwa ada, kama dibaji ambazo kila mtu hufungua na hakuna azisomaye. Lakini hakuna dawa nyingine iliyopendekezwa ambayo haikuishia kuwapoteza wafu hao kwa mara ya pili, ama kwa kuifuta michoro, ama kwa kuitumia kana kwamba ilidondoka kutoka mbinguni.

Karatasi za Leonardo zilibaki kwa mwanafunzi wake Francesco Melzi baada ya bwana wake kufariki mwaka wa 1519, na hatimaye zikaingia katika hazina ya wafalme wa Uingereza, ambako zimehifadhiwa katika kasri la Windsor. Hazikuchapishwa ipasavyo hadi miaka ya mwisho ya karne ya 19. Siku hizi nakala zake zimeenea kila mahali, na wanaojifunza kuchora huzinakili kwa kalamu na wino ili wajue misuli na mkono wa fundi kwa wakati mmoja. Maneno mara nyingi hayanakiliwi. Yanakwenda kutoka kulia kwenda kushoto, kwa Kitaliano cha karne tano zilizopita, na kwa mtazamaji wa kawaida yanafanana na pambo lililotandazwa kuzunguka mchoro.

Katika maelezo yale yale ya majira ya baridi ya Florence, mara tu baada ya habari ya mzee, Leonardo anasema kwamba alimpasua pia mtoto wa miaka miwili, na kwamba kila kitu alikikuta kinyume cha alivyokiona kwa mzee. Hapo anamwacha. Mzee alipata umri wake, kitanda chake, kauli yake na namna ya kifo chake. Mtoto, ambaye mishipa yake ndiyo iliyomwezesha Leonardo kujua kwamba mishipa ya mzee ilikuwa imezeeka, alipata umri peke yake.